Ukumbi wa michezo ya video ya zamani unapofungwa Lubumbashi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukumbi ukitangaza kufungwa, wachezaji huuliza habari za jetoni zao (vipande vya chuma vinavyotiwa mashini badala ya pesa), mwenye ukumbi huuliza habari za nyumba na karatasi, na siku mbili baadaye wote huuliza mashini zitabebwaje. Majibu yote yaliyo hapa yana msingi mmoja: kufungwa kwenyewe hakuui mashini. Zinazokufa, hufa katika miezi inayofuata, kwa sababu ya betri iliyoachwa ndani, ya mvua, au ya umeme uliorudi kwa kishindo. Mwenye haraka aanze na sehemu ya betri, mengine atayarudia.

## Mambo ya mwanzo

Kwa nini ukumbi unafungwa na bado watu wanaupenda?

Kwa sababu kupendwa na kuingiza pesa ni mambo mawili. Mechi ya mpira kwenye PlayStation huisha kwa dakika zilizopangwa, wachezaji ni wawili, aliyefungwa analipa na kumpisha mwingine. Mashini ya kusimama haiendi hivyo. Kijana aliyeizoea anatia jetoni moja na kukaa hapo saa nzima, nyuma yake wamesimama kumi wanaoangalia bure. Kadiri mtaa unavyoijua mashini, ndivyo inavyoingiza kidogo. Juu ya bodi, ile sahani ya umeme inayobeba mchezo, kuna swichi ndogo za kupandisha ugumu, lakini ukizipandisha sana watoto wanahamia kwenye simu.

Juu ya hapo kuna kodi ya nyumba, ambayo mara nyingi hudaiwa kwa dola wakati mteja analipa kwa franka, na kuna delestaji, yaani umeme kukatwa kwa zamu. Jioni moja bila umeme wikendi ni hasara isiyorudi.

Ni hapa tu, au na kwingine?

Na kwingine. Hata Japani, nyumbani kwa mashini hizi, kampuni ya Sega iliuza sehemu kubwa ya biashara yake ya kumbi mwaka 2020 na kuachana nayo kabisa mwaka 2022, majengo yakachukua jina la GiGO. Vifaa navyo vinaisha: Sony ilimaliza kutengeneza PlayStation 2 mwanzoni mwa 2013. Ni vivyo hivyo kwa televisheni nzito ya kisogo: ikiharibika leo, badala yake ni nyingine iliyotumika.

Nimebaki na jetoni. Nitarudishiwa pesa?

Nenda nazo kaunta kabla ya siku ya mwisho. Pesa yetu hutembea kwa noti, kwa hiyo mashini hapa huendeshwa kwa jetoni, na jetoni haina thamani nje ya mlango ule. Mwenye ukumbi mwenye akili hutangaza mapema tarehe ya mwisho ya kuuza jetoni, na nyingine ya wiki moja au mbili mbele kwa kuzitumia au kuzirudisha. Tarehe hizo mbili zikiwa moja, ugomvi hautakosekana.

Ukinunua mashini, omba na jetoni hamsini hivi za kipimo chake. Kipokea jetoni cha kulinganisha hupima jetoni inayoingia kwa kuifananisha na ile iliyowekwa ndani yake kama mfano. Bila mfano huo, inakataa kila kitu.

Rekodi zangu kwenye mashini zitabaki?

Kwa bodi nyingi, hapana. Zinahifadhi rekodi katika kumbukumbu inayofutika umeme ukizimwa. Chache, kama Neo Geo MVS ya kampuni ya SNK, ya 1990, huzishika kwa betri, na betri hiyo tunashauri itolewe (tazama sehemu ya betri). Piga picha skrini ya majina leo. Zima mwanga wa chumba na simama mbele kabisa. Simu ikionyesha mistari myeusi inayopanda, punguza kasi ya kamera hadi 1/50 au 1/60, kulingana na mashini.

## Kwa mwenye ukumbi: nyumba, wafanyakazi, karatasi

Papa mwenye nyumba ananiambia nitoke mwisho wa mwezi. Anaweza?

Kama nyumba ni ya biashara, si kwa urahisi huo. Kongo iliingia OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, mwaka 2012, na sheria yake ya biashara ya jumla iliyorekebishwa mwaka 2010 ndiyo inayoongoza upangaji wa biashara. Mkataba usio na muda maalum unavunjwa kwa taarifa ya angalau miezi sita, iliyopelekwa na wiseye (mpeleka hati wa mahakama) au kwa njia nyingine inayothibitisha kwamba imepokelewa. Neno la mdomoni au ujumbe wa sauti usiojibiwa ni ushahidi dhaifu.

Kama mkataba una tarehe ya mwisho na umefanya biashara ileile hapo kwa miaka miwili au zaidi, una haki ya kuomba kuongezewa. Lakini ombi lipelekwe angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ile. Hapa ndipo wengi wanapopoteza haki yao, wanalikumbuka zikiwa zimebaki wiki tatu.

Deni la kodi hubadilisha hesabu. Mwenye nyumba anaweza kukupa onyo rasmi la mwezi mmoja kisha kwenda mahakamani. Ukiwa na deni, zungumza naye kwanza, na mkikubaliana andikeni karatasi mbili, kila mmoja abaki na yake yenye sahihi.

Garanti yangu itarudi?

Inategemea hali ya chumba na karatasi ulizo nazo. Kumbi za michezo huacha alama zake: matundu ya skrubu za makabati, waya wa ziada uliopitishwa ukutani, sakafu iliyochimbwa na magurudumu. Ziba matundu na ondoa waya uliouongeza kabla ya kukabidhi. Piga picha kila ukuta, piga na namba ya mita ya umeme, na salio la SNEL, kampuni ya umeme, lilipwe hadi siku ile. Makabidhiano yaandikwe siku funguo zinapotolewa, si wiki mbili baadaye mpangaji mpya akiwa ameshaingia.

Wafanyakazi wangu wawili nifanye nao nini?

Kama wana kazi isiyo na muda maalum, Sheria ya Kazi ya mwaka 2002 inataka taarifa isiyopungua siku 14 za kazi, na kuongeza siku 7 za kazi kwa kila mwaka kamili wa utumishi. Aliyekaa nawe miaka minne anastahili siku 42 za kazi. Siku za likizo ambazo hakuzichukua zinalipwa, na anapewa cheti cha kazi. Kukosa mkataba wa maandishi hakufuti haya. Ikishindikana, mlango ni wa Ukaguzi wa Kazi.

Nimeshafunga. Kwa nini ofisi za serikali bado zinanidai kodi?

Kwa sababu kwenye rejista ya biashara ungali hai. Aliyeandikishwa katika rejista hiyo, RCCM, anapaswa kuomba kufutwa ndani ya mwezi mmoja tangu aache shughuli. Baada ya hapo peleka nakala ya kufutwa kwa kila ofisi iliyokuwa ikikutoza, komini ikiwemo, na urudi na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Ni kazi ya kuchosha, lakini bila hiyo wataendelea kukuhesabu kama mfanyabiashara.

Niuze kila kitu kwa mtu mmoja au moja moja?

Moja moja hulipa zaidi, ila huchukua miezi, na mashini zinazobaki mwisho ni zile mbovu. Kwa pamoja hulipa kidogo na humaliza jambo kwa siku moja. Njia ya kati inayofaa: uza kwanza zinazowaka kila moja na funguo zake, kisha mbovu zote ziende kwa fundi mmoja kwa bei ya vipuri.

Usichokubali ni mtu anayetaka bodi tu na kukuachia makabati. Bodi ni nyepesi na ina bei, kabati lisilo na bodi ni kilo mia moja za mbao na kioo ambazo utalipa ili ziondolewe.

## Betri: kabla ya kuzima kwa mara ya mwisho

Kwa nini mnasisitiza betri hivi?

Kwa sababu ukumbi ukiwa wazi betri hupata chaji kila siku. Mashini ikikaa miezi sita gizani, betri inaishiwa na kuanza kuvuja. Maji yake hula njia za shaba juu ya bodi, taratibu, bila harufu wala kelele. Siku ya kuwasha unakuta rangi ya kijani mahali palipokuwa na waya mwembamba kuliko unywele.

Kosa kubwa zaidi ni kufikiri betri zote ni sawa. Kuna ya kukata leo, na kuna ambayo ukiikata umeua bodi. Soma majibu mawili yanayofuata kabla ya kushika kikata waya.

Neo Geo MVS: nikate?

Ndiyo. Bodi nyingi za MVS zina betri ya volti 3.6 ya kuchajika iliyolehemiwa, na yenyewe hushika mipangilio na rekodi tu. Mchezo unaenda bila hiyo.

Chomoa umeme. Kata miguu miwili ya betri kwa kikata waya kidogo, usiivute kwa nguvu maana itang'oa na njia ya shaba. Kama kuna unga wa kijani au mweupe, tumia mswaki uliotiwa siki nyeupe kidogo, kwa sababu uvujaji wa betri hizi ni wa alikali na siki ndiyo inayouzima. Ngoja dakika mbili tatu, futa, kisha suuza kwa alkoholi. Ya asilimia 90 na zaidi ndiyo nzuri. Ukipata ya famasi ya asilimia 70, ina maji mengi, kwa hiyo acha bodi ikauke siku nzima kivulini.

Wanaotaka kurudisha betri huweka kishikio cha CR2032. Hapo pana mtego: bodi inachaji, na CR2032 si ya kuchajiwa, inaweza kuvimba au kupasuka. Lazima iwekwe diodi kama 1N4148 ya kuzuia umeme kurudi kwenye betri. Fundi akikuambia haihitajiki, tafuta mwingine.

Na zile za Capcom zenye sanduku la plastiki la rangi?

Hizo ni CPS-2, na usikate. Betri yake ya volti 3.6 inashika funguo za kufungulia programu ya mchezo. Ikiisha au ukiitoa ovyo, funguo zinafutika na unabaki na skrini ya rangi moja isiyo na kitu. Bodi kadhaa za Sega za mwishoni mwa miaka ya 1980, zenye kijibloku kilichoandikwa FD1094, zina ugonjwa huohuo.

Kama bodi inawaka leo, pima betri kwa multimeta. Ikiwa chini sana ya 3.6, ibadilishwe na mtu aliyewahi kuifanya kazi hiyo. Kama imeshakufa, usiitupe wala usiiuze kama takataka: tangu mwaka 2016 njia ya kuiandikia funguo upya inajulikana, kwa kifaa kidogo cha bei nafuu chenye chipu. Anayekuja kuomba CPS-2 "iliyokufa" kwa bei ya chuma chakavu pengine anajua jambo hilo.

Street Fighter II ya mwanzo, ya 1991, iko kwenye CPS-1 na haina betri ya namna hii. Watu hubabaika bure.

Kaseti za nyumbani nazo zina betri?

Zile zinazohifadhi mchezo, nyingi ndiyo. Ni CR2032 au inayofanana nayo, iliyochomelewa vibati, na hudumu miaka 15 hadi 20 hivi, maana yake nyingi zimeshapita muda. Ukiibadilisha, kilichohifadhiwa kinafutika. Usipashe joto betri yenyewe kwa chuma cha kulehemu. Nunua iliyo na vibati tayari, ulehemu vibati.

Kadi za kumbukumbu za PlayStation ya kwanza (bloku 15) na ya pili (megabaiti 8) hazina betri. Hizo ziweke mahali pakavu tu.

## Kununua mashini

Nijaribu nini kabla ya kutoa pesa?

Njoo mchana, umeme ukiwepo, na uombe mashini iwake nusu saa. Ubovu mwingi hujificha mashini ikiwa baridi na kujitokeza ikipata moto: picha inaanza kuyumba pembeni, rangi moja inapotea, sauti inanguruma. Mwenyewe akikataa kuiwasha muda huo, lipa bei ya mbovu.

Mashini nyingi zina kitufe cha majaribio ndani ya mlango wa jetoni. Kibonye, na ujaribu kila kitufe na kila upande wa fimbo, pembe zikiwemo. Vitufe ni bei ndogo, visikutishe. Angalia kama skrini imezimwa lakini maandishi ya mchezo bado yanaonekana kama kivuli: kioo kimechomwa, na hilo halitengenezeki.

Kisha zunguka nyuma na tochi. Gonga sehemu ya chini ya kabati. Mbao nyingi za makabati ni za unga wa mbao uliogandishwa, zikinywa maji huvimba kama mkate, na mchwa wa mji huu wanazipenda. Ukiona udongo mwembamba kama bomba kwenye kona, kabati hilo lina wapangaji.

Nitajuaje bodi ni ya asili?

Bodi ya asili ina jina la mtengenezaji lililochapwa juu yake na namba za chipu zinazosomeka. Nakala mara nyingi chipu zake zimekwanguliwa. Nakala inayocheza vizuri si dhambi kuinunua ukijua ni nakala, bei tu ishuke. Kinachouma ni kulipa bei ya bodi ya zamani na kukuta ndani ni kibodi kipya chenye michezo mamia. Dalili yake ni orodha ya michezo inayotokea ukiwasha.

JAMMA ni nini, na kwa nini kila fundi anaitaja?

Ni mpangilio wa waya uliokubaliwa na watengenezaji wa Kijapani katikati ya miaka ya 1980: ukingo wa bodi wenye migusano 56, 28 kila upande. Kabati la JAMMA linapokea bodi yoyote ya JAMMA, unachomoa moja na kuchomeka nyingine. Hilo huongeza thamani ya kabati. Neo Geo MVS inafanana lakini waya chache zina kazi tofauti, hasa za sauti na vitufe vya ziada, kwa hiyo uliza kabla ya kuchomeka.

Kuchomeka bodi kinyume huiua mara moja. Kuna mwanya mdogo wa kuweka kizuizi cha plastiki. Kama kabati lako halina kizuizi hicho, weka alama ya rangi pande zote mbili.

Imeandikwa volti 100. Nichomeke tu?

Usichomeke. Mashini za Japani ni za volti 100, za Marekani 120, na ukutani kwetu ni 220. Unahitaji transfoma ya kushusha, ya VA 500 kwa mashini moja yenye skrini kubwa. Inapowaka, skrini huvuta umeme mwingi kwa sekunde moja ili kusafisha sumaku, na transfoma ndogo huzidiwa. Bandika karatasi kwenye plagi yenyewe. Mashini nyingi hufa mikononi mwa shemeji aliyekuja kusaidia.

## Kuhamisha

Watu wangapi, na gari gani?

Mashini ya kusimama yenye skrini ya kisogo ina kilo 100 hadi 150. Watu wanne wenye mikanda, au wawili na toroli la magurudumu ya mpira. Kamiyo ndogo ni bora kuliko pusupusu. Si kwa ajili ya heshima: barabara ya mashimo inatikisa shingo ya kioo cha skrini, nayo ndiyo sehemu nyembamba kuliko zote. Ikivunjika unasikia sauti ya hewa ikiingia, na skrini imekwisha.

Mashini isimame wima, mgongo wake ukielekea mbele ya gari, blanketi katikati, kamba mbili: moja kifuani, moja chini. Kioo cha juu chenye jina la mchezo kitoe na kibebwe kwa mkono. Funguo zifunge kwa waya kwenye mguu wa kabati. Ukizitia mfukoni, hazitafika.

Lazima nitoe skrini ili kabati lipite mlangoni. Ni hatari?

Ndiyo. Nyuma ya skrini hukaa volti elfu ishirini na zaidi, na hubaki baada ya kuchomoa umeme, wakati mwingine kwa siku. Kama hujawahi kuifanya, mlipe fundi wa televisheni wa zamani. Bado wapo, na wanaijua kazi hii kuliko vijana wa simu.

Fundi anayejua utamwona akifanya hivi: anachomoa umeme, anafunga waya wa klipu kutoka shina la bisibisi bapa yenye mpini wa plastiki hadi kwenye waya wa shaba uliosukwa nyuma ya kioo, anaweka mkono mmoja mgongoni, na kwa mwingine anaingiza ncha chini ya kifuniko cha mpira kilicho kama kikombe. Hutokea mlio mdogo. Anangoja dakika chache, anarudia, kwa kuwa chaji hujikusanya tena. Anayegusa chasi badala ya ule waya uliosukwa anaweza kuunguza vipuri.

Nimefika nyumbani. Niwashe sasa hivi?

Ngoja. Juni na Julai asubuhi ni baridi, na mashini iliyolala nje ya gari kisha ikaingizwa sebuleni hutoa jasho ndani. Saa mbili zinatosha. Tumia muda huo kubana kila plagi, kwa kuwa safari hulegeza, na usugue migusano ya bodi kwa kifutio cheupe cha shule.

Ukiona madoa ya rangi kwenye kona za skrini, ni sumaku tu. Zima, ngoja nusu saa ipoe, washa tena. Rudia mara tatu nne. Spika ya muziki isiwe karibu.

## Umeme na mvua

Umeme wa SNEL utaiua mashini yangu?

Kukatika kwenyewe kunaua kidogo. Kinachoua ni kurudi: umeme unakuja, unaondoka, unakuja tena juu ya kipimo. Tumia stabiliza ya VA 1000 kwa mashini moja, yenye kuchelewesha dakika tatu kabla ya kutoa umeme. Umeme ukikatika, chomoa plagi. Ukirudi, angalia taa ya nyumba ikitulia kwanza.

Ndani ya mashini, kipimo cha kufuatilia ni volti 5 za bodi. Pima kwenye ukingo wa bodi, si kwenye kisanduku cha umeme, maana waya mrefu hupoteza kidogo. Kati ya 4.95 na 5.10 ni salama. Ikishuka chini ya 4.8 mchezo unajianzisha wenyewe katikati, na wengi hudhani bodi imeharibika kumbe ni skrubu ndogo ya kurekebisha. Izungushe kidogo kidogo, na usivuke 5.25.

Nikigusa chuma cha kabati nasikia kutekenywa. Kwa nini?

Hakuna waya wa ardhi. Katika mji wa shaba, waya wa ardhi ndio wa kwanza kuibiwa au kurukwa na mjenzi. Pigilia fimbo ya shaba ya mita 1.5 hadi 2 mahali penye unyevu, unganisha waya mnene hadi kwenye soketi, na kiangazi umwagilie maji hapo, kwa sababu udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Watoto wasicheze peku mpaka hilo limalizike.

Nitaihifadhi gereji hadi nipate nafasi. Mvua inaanza Novemba.

Inue juu ya matofali au juu ya paleti, sentimita 15 kutoka ukutani, hewa ipite. Ifunike kwa shuka ya pamba. Nailoni hufungia unyevu ndani. Dawa ya mchwa ipulizwe sakafuni, si kwenye kabati. Iwashe saa moja kila wiki mbili, joto lake hukausha ndani. Vumbi jekundu la kiangazi litoe kwa brashi laini na hewa kabla ya mvua, kwa kuwa likishalowana hugeuka tope linalopitisha umeme.

## Maswali ya pembeni

Naweza kutoa skrini ya kisogo na kuweka bapa?

Inawezekana, kwa kibodi cha kubadilisha ishara. Bodi hizi hutoa picha ya 15 kHz, ambayo skrini nyingi za kompyuta hazipokei kabisa, na televisheni bapa mara nyingi huisoma vibaya na kuifanya iwe na ukungu. Kuna pia kuchelewa kidogo kati ya kidole na picha. Kwa michezo ya kupigana mchezaji wa zamani atalitambua katika raundi ya kwanza. Kama skrini ya asili bado ina mwanga, ibadilishie kapasita kwanza. Ni kazi ya siku moja.

Bunduki ya mchezo haifanyi kazi kwenye televisheni mpya.

Wala haitafanya. Inapima wakati mwanga unapopita mahali ilipoelekezwa, na skrini bapa haichori picha kwa mtindo huo. Weka televisheni moja ya kisogo kwa ajili yake.

Si afadhali kompyuta ndogo yenye michezo yote?

Kwa kucheza, inatosha kabisa. Programu ya MAME ipo tangu 1997 na inaendesha maelfu ya michezo. Michezo yenyewe bado ina wenyewe kisheria, na kufungua ukumbi wa kulipisha kwa nakala ni jambo tofauti na kucheza sebuleni. Kabati lililokosa bodi likipewa kompyuta ndogo na fimbo zake za asili, tunaona ni heri kuliko kuligeuza kabati la vyombo.

Inverta ya sola inaweza kuiendesha?

Ikiwa ni ya wimbi safi, ndiyo. Mashini moja huvuta wati 100 hadi 200, na ule mvuto wa mwanzo unataka inverta ya wati 600 au zaidi. Zile za bei rahisi za wimbi la ngazi hufanya transfoma ya volti 100 ingurume na kupata moto. Ukisikia ngurumo hiyo, zima.

Skrini imevunjika. Nitupe wapi?

Isiende jalalani wala isichomwe. Kioo cha kisogo kina risasi, na ndani kuna unga usiofaa kuvutwa puani. Vaa glovu na barakoa, weka vipande kwenye ndoo yenye kifuniko. Kama kioo ni kizima ila hakionyeshi, mpe fundi wa televisheni kikiwa kizima. Koili ya shaba iliyo shingoni inatumika tena, na ndiyo hiyo wanayoitafuta wavulana wanaovunja skrini kwa jiwe. Wakataze: kioo hicho hakina hewa ndani, kikipasuka vipande huruka hadi usoni.

Nimenunua kabati, funguo zimepotea.

Usivunje mlango. Kufuli hizi ni za kawaida, hutolewa kwa nati moja nyuma. Pitia mlango wa nyuma, ambao kwa makabati mengi hushikwa na skrubu mbili, ingiza mkono ufungue nati kwa spana, kisha ununue kufuli nyingine ya kipenyo kilekile. Pima tundu kabla ya kwenda soko la Kenya, komini ya hapa mjini. Milimita 19 ndiyo ya kawaida, na ya 16 hucheza ndani ya tundu hilo.